Vitororo wa Mabira: Ndege wawili wanaofanana sura, wanaotofautishwa na sauti

Alfajiri katika bustani za Kampala husikika mlio mkavu unaorudiwa bila kuchoka, mfano wa nyundo ndogo ya fundi bati. Anayeutoa ni kitororo kiuno-njano, ndege mwenye uzito usiofika gramu 20.

Ndani ya msitu wa Mabira, takriban kilomita 50 mashariki mwa jiji hilo, anaishi pia ndugu yake wa karibu, kitororo koo-njano. Wote wawili wana mgongo mweusi na kiuno cha manjano, na wote hupenda vilele vya miti, ambako jicho huwaona kwa shida.

Wanatofautianaje?

Kiuno-njano ana koo jeupe na mistari myeupe usoni. Kwa koo-njano wa Uganda, sehemu hizo zina umanjano hafifu. Aidha, koo-njano ni mdogo zaidi, na mlio wake ni mwembamba na wa haraka zaidi.

Utafiti wa Alexander Kirschel na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, ulibaini kwamba mahali spishi hizi zinapoishi pamoja, nyimbo zao hutofautiana zaidi kuliko pale kila moja inapoishi peke yake. Kwa njia hiyo, ndege humtambua wa jamii yake, asipoteze nguvu kumfukuza au kumwania asiyemhusu.

Kwa nini msitu ni muhimu kwao?

Vitororo hula matunda ya mimea inayojishikiza kwenye matawi ya miti mingine, kisha huzitema mbegu zake zenye kunata na kuzisambaza. Viota vyao huvichimba katika matawi makavu yaliyooza.

Hapo ndipo ndugu hawa huachana. Kiuno-njano huweza kuishi hata katika bustani zenye miti. Koo-njano hutegemea msitu wenyewe.

Mabira una ukubwa wa takriban hekta 30,000. Mwaka 2007 serikali ilipendekeza zaidi ya hekta 7,000 zitolewe kwa kilimo cha miwa. Maandamano ya Aprili mwaka huo jijini Kampala yalisababisha vifo, na mpango huo ukasitishwa.

Iwapo msitu huo ungetoweka, mlio wa nyundo ungeendelea kusikika bustanini, na wengi wangedhani hakuna kilichopotea. Ni mwenye kusikiliza kwa makini tu ambaye angegundua kwamba sauti moja kati ya mbili imenyamaza.