Mapendo na Tamaa katika Novela za Kihindi

Katika nyumba nyingi za Kisangani, huko Mangobo, Kabondo au Lubunga, jioni umeme ukipatikana, watu wa jamaa wanakusanyika mbele ya televizioni kwa kutazama novela za Kihindi zilizotiwa maneno ya Kifaransa. Mama na mabinti wanazifuata miezi na miezi. Baba naye anazifuata, ingawa hasemi. Kisha, katika mafundisho ya ndoa, katekista anamwuliza kijana wa kike: «Unatafuta bwana wa namna gani?» Naye anajibu: «Mtu atakayenipenda kama katika novela.»

Tutamjibu nini? Wengine wanasema: «Zima televizioni, hayo ni mambo ya wapagani.» Jibu hilo ni jepesi, lakini halifundishi kitu. Afazali tutazame kwanza ni mapendo gani yanayoonyeshwa mle, na ni kwa alama gani tutaweza kuyapima.

I. Mambo mawili yenye jina moja

Wahindi wenyewe walijua tangu zamani kwamba jambo hili si moja. Katika Sanskriti, lugha yao ya kale, neno «kāma» ni tamaa ya moyo na ya mwili. Neno «bhakti» ni ibada ya mtu anayejitoa kwa Mungu wake bila kudai malipo. Wagiriki nao walikuwa na «eros» na «agape».

Baba Mtakatifu Benedikto XVI alieleza maneno hayo mawili ya Kigiriki katika barua yake Deus caritas est, ya tarehe 25 desemba 2005. Hakusema kwamba eros ni zambi. Mvuto wa mwanaume kwa mwanamke ni kazi ya Muumba. Lakini alifundisha kwamba eros inahitaji kusafishwa na kuponywa, ili yule aliyetafuta furaha yake mwenyewe ajifunze kutafuta mema ya mwenzake. Basi, tusiwaambie vijana kwamba mvuto ni uchafu. Tuwaambie kwamba mvuto ni mwanzo tu, na mwanzo si mwisho.

II. Alama ya kuyatambua

Lakini kijana atajuaje kama anapendwa au anatamaniwa tu? Maneno ya pande zote mbili yanafanana. Machozi yanafanana, zawadi zinafanana, na nyimbo pia. Alama iliyo wazi ni hii: tazama mtu anafanya nini anapoambiwa «hapana», au «ngoja».

Maandiko Matakatifu yanatupa mifano miwili. Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 13, Amnoni mwana wa Daudi aliugua kwa ajili ya Tamari, dada yake kwa baba. Tamari alipokataa, alimshika kwa nguvu. Na mara ile ile akamchukia na kumfukuza nje. Lakini katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 29, Yakobo alikubali kungoja. Alimtumikia Labani miaka 7 kwa ajili ya Rakeli, na miaka hiyo haikumlemea. Yakobo naye alivutwa na uzuri wa Rakeli. Tofauti ni kwamba mvuto wake ulikubali kuwa kazi na uvumilivu.

Sasa tupime habari za Kihindi kwa alama hiyo. Wengi wameona filimu Devdas ya mwaka 2002, iliyotoka katika kitabu cha Sarat Chandra Chattopadhyay cha mwaka 1917. Devdas na Paro walipendana tangu utoto. Jamaa ya Devdas ilipokataa ndoa hiyo, yeye alikosa nguvu ya kusimama. Na Paro alipomjibu kwa ukali, alimpiga usoni akamwachia kovu. Nyuma yake alizama katika pombe mpaka kufa. Watu wanamlilia, wanasema: «Alipenda sana!» Kweli, alitamani sana. Lakini Paro alipata faida gani? Mle mle yumo Chandramukhi, mwanamke wa nyumba ya anasa, ambaye watu wanamzarau. Yeye anaacha kazi yake ya aibu, anamtunza mlevi huyo, hata akijua kwamba moyo wake uko kwa mwingine. Mtazamaji asipofundishwa atamsifu Devdas na kumsahau Chandramukhi.

Mfano mwingine ni Jodha Akbar, iliyoonyeshwa India na Zee TV tangu 2013 mpaka 2015. Akbar ni mfalme wa kweli, yule aliyewaita Mapadri Wayezuiti kutoka Goa, nao wakafika kwake mwaka 1580. Lakini mambo mengi ya novela yametungwa. Mfalme anamwoa binti wa kifalme kwa sababu za utawala, na binti anamchukia. Mfalme ana askari na upanga. Polepole anajifunza kwamba moyo wa mtu hautekwi kama mji. Hapo tunaona eros ikianza kusafishwa.

III. Hatari ya upande wa pili

Tusizani kwamba hatari ni tamaa tu. Novela hizi zinasifu sana bibi mwenye kujitoa. Siku ya Karva Chauth, bibi anafunga tangu jua kutoka mpaka mwezi kuonekana, hali wala hanywi, akiomba maisha marefu ya bwana wake. Nia hiyo ni nzuri. Lakini mara nyingi bibi huyo anasingiziwa, anafukuzwa na mama mkwe, anatukanwa, naye ananyamaza; na kunyamaza kwake kunaitwa mapendo.

Hapa, katekista, uangalie sana. Bibi anayepigwa nyumbani akija kwako, nawe ukamwambia: «Vumilia, ndiyo mapendo», unatumia jina takatifu kwa kufunika zambi ya mwingine. Mtume Paulo anafundisha katika barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 13, kwamba mapendo hayafurahii uovu. Kujitoa si kukubali kila kitu.

IV. Shahidi wetu

Wa kutuonyesha jambo hili hatuna haja ya kumtafuta mbali. Tarehe 24 novemba 1964 askari wa miamvuli wa Ubelgiji walishuka Stanleyville, jina la zamani la mji wetu. Siku chache nyuma yake, Wasimba waliwachukua masista wa Jamaa Takatifu wa Bafwabaka, wakawapeleka Isiro. Kati yao alikuwa Sista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, mzaliwa wa Wamba, aliyeweka ahadi zake za kitawa tarehe 5 agosti 1959. Kolonele Ngalo alimtaka kuwa bibi yake. Anuarite alikataa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 desemba 1964 Kolonele Olombe alimpiga. Alichomwa visu vya bunduki, kisha risasi. Alikuwa hajatimiza miaka 25. Mbele ya kufa alimsamehe.

Tamaa ilisikia «hapana», ikaua, kama ile ya Amnoni ilivyochukia. Mapendo yalisema «hapana» kwa zambi, wala hayakumchukia mwenye zambi. Anuarite hakunyamaza, hakukubali, tena hakulaani. Tarehe 15 agosti 1985, huko Kinshasa, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri, naye mwenyewe akamsamehe muuaji kwa jina la Kanisa.

V. Kwa kazi yetu

Kwanza, padri na katekista wasione haya kuuliza watu wanatazama nini. Pili, katika mafundisho ya ndoa, wachukue habari moja ya novela na kuuliza pamoja na vijana: «Alipokataliwa, alifanya nini? Nani alipata faida?» Tatu, wamweleze kila binti: kijana anayekasirika kwa sababu umemwambia angoje, amekwisha kukuonyesha atakavyokuwa bwana.

Nanyi waseminari, mnaojiandaa kutoa moyo wote kwa Mungu, jipimeni kwa alama hiyo hiyo. Padri naye anaweza kutamani sifa za watu na kuita tamaa hiyo utume. Siku parokia itakapomwambia «hapana», ndipo itajulikana alipenda nini.