Milonge Mingapi? Hata Mmoja Hautanyonya Risasi

"Nipande milonge mingapi ili risasi iishe uani?" Swali hili huja kila ninapotaja Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi ya betri kuukuu hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliagiza udongo wa pale usafishwe. Haikuagiza miche.

Ndiyo, unga wa mbegu za mlonge hutuliza tope la maji. Hiyo ni ndoo, si kiwanja. Risasi ardhini hung'ang'ania chembe za mfinyanzi na mboji, na ile kidogo inayoingia mtini hukwama zaidi mizizini. Tupige hesabu, tena kwa ukarimu. Hekta moja, sentimita 20 za juu, ina udongo wa tani 2,600 hivi. Ukiwa na miligramu 1,000 za risasi katika kila kilo, basi umekalia kilo 2,600 za risasi. Vuna tani 10 za majani makavu kila mwaka, tujalie yana miligramu 50 kwa kilo: umetoa nusu kilo. Kwa mwendo huo utamaliza baada ya miaka 5,200. Na mavuno hayo utayatupa wapi? Ukiyachoma, moshi na majivu vitairudisha risasi palepale.

"Mbona majani yalipimwa yakakutwa na risasi tele?" Yalioshwa kwanza? Mara nyingi hilo ni vumbi lililotua juu yake. Ndiyo maana sampuli tunaigawa, nusu tunaiosha na nusu tunaiacha. Tofauti yake hutuonyesha kilichotoka hewani. Jani moja lililochumwa kando ya barabara haliniambii kitu. Wala mti kunawiri si cheti: mwarobaini hustawi vizuri tu kwenye udongo ambao mtoto hafai kuuchezea.

Anayetaka kupima achote udongo wa juu, sentimita 5 za kwanza, wanapocheza watoto, sehemu kumi hivi, auchanganye, na achukue mwingine mbali na chanzo kwa kulinganisha. Maabara iuyeyushe kwa asidi. Udongo ukikutwa mchafu, funika kwa udongo safi au zege, mboga zipande kwenye matuta ya udongo ulioletwa, vumbi la ndani lifute kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, mikono ioshwe kabla ya kula. Lakini watoto wapelekwe wakapimwe damu wiki hii hii, msingoje majibu ya udongo.