Ujira wa Mwimbaji Si Sadaka

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipitia Tabora. Nguo, shanga na waya wa shaba vilipanda bara. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Karibu kila aliyekuwamo katika msafara alibeba mzigo, na jua liliwachoma wote sawasawa. Hata hivyo, ndugu msomaji, ndani ya msafara mmoja mliweza kuwamo watu wa namna mbili. Huyu alikuwa mpagazi na yule alikuwa mtumwa. Usingeweza kuwapambanua kwa uzito wa mizigo yao, wala kwa chakula, maana mtumwa naye alilishwa. Walipambanuliwa kwa mambo mawili: hiari na ujira.

Mpagazi wa Kinyamwezi alipatana ujira wake kabla ya kuinua mzigo, na njiani alidai posho yake. Alipoona anadhulumiwa, aliutua mzigo akashika njia ya kwao. Wasafiri wa Kizungu waliopita njia hiyo waliandika kurasa nyingi za kulalamikia jambo hilo, lakini Mnyamwezi hakuona haya kudai. Alijua kwamba kulishwa si kulipwa.

Maneno hayo mawili, kulishwa na kulipwa, ndiyo tunayotaka kuyazungumza leo. Hatutazungumza juu ya pembe za ndovu bali juu ya nyimbo, kwa kuwa Tabora ni mji wa muziki kama ulivyokuwa mji wa misafara.

MUZIKI WA UNYANYEMBE

Wasomaji wenye umri hawahitaji kukumbushwa. Bendi ya Kiko Kids ya Tabora, ambayo Salum Zahoro alikuwa nguzo yake, ilivuma tangu miaka ya 1950. Baadaye walikuja Tabora Jazz, bendi ambayo haiwezi kutajwa bila kumtaja Shem Karenga, aliyefariki Desemba 2014. Walikuwapo pia Nyanyembe Jazz, ambao wimbo wao "Rangi ya Chungwa" unaimbwa hata na vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya kurekodiwa. Tena, bendi ya Western Jazz iliyotamba Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1959 na Iddi Nhende, mtu wa Nzega, na jina lake liliwakumbusha wasikilizaji kwao ni wapi.

Wanamuziki hao walifanya kazi katika nchi ambayo haikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani za santuri. Nyimbo nyingi zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na sahani zilizouzwa madukani zilichapwa hasa Nairobi. Malipo ya kurekodi yalikuwa madogo, nayo yalitolewa mara moja tu. Wimbo ungeweza kupigwa redioni asubuhi na jioni kwa miaka kumi bila mtunzi wake kuongezewa hata senti. Pato la bendi lilitoka mlangoni, katika viingilio vya dansi.

Kisha katika miaka ya 1980 ilienea kaseti. Maduka ya kunakili yalifunguliwa katika miji mingi. Mteja alipeleka kanda tupu, akachagua nyimbo, akalipa, akaondoka. Mwenye duka alipata faida yake, na muuza kanda tupu alipata yake. Aliyetunga, aliyeimba na aliyecharaza gitaa hawakupata kitu, wala hawakuwa na habari kwamba nyimbo zao zimeuzwa.

Leo kanda zimetoweka na simu imechukua mahali pake. Kijana huingia katika kibanda cha kurushia nyimbo, akatoa memori kadi yake, akajaziwa nyimbo tele kwa bei isiyofika ile ya mlo mmoja wa mgahawani. Wengine hurushiana bure kwa simu. Vyombo vimebadilika sana, lakini hesabu ni ile ile: kila mtu katika mnyororo huo hulipwa, isipokuwa aliyefanya kazi.

NJIA ILIKUWA NA MWENYEWE

Huenda mtu akauliza: wimbo ni sauti ipitayo hewani, utadaije malipo ya kitu kisichoshikika? Jibu la swali hilo limo katika njia ile ile ya misafara. Msafara ulipopita katika nchi ya mtu ulilipa hongo. Siku hizi neno hilo lina maana ya rushwa, lakini zamani lilikuwa ada ya njia, aliyolipwa mtemi ambaye nchi ilikuwa yake. Msafara haukuchukua ardhi yake wala haukuipunguza, ulipita tu. Bado ulilipa, kwa sababu njia ilikuwa na mwenyewe. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliifunga njia ya kwenda Ujiji alipogombana na Waarabu wa Unyanyembe, na wafanyabiashara wakubwa wakajua kwamba kupita katika nchi ya watu si haki ya bure.

Sheria zetu zinakubaliana na busara hiyo. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Hakimiliki tangu mwaka 1966, ikajiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, na mwaka 1999 Bunge likapitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, ambayo ndiyo iliyoizaa COSOTA. Kwa sheria hiyo ya 1999, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake ni kwamba wajane na watoto wa wanamuziki wengi wa Tabora waliokwisha kutangulia mbele ya haki wangali na madai halali.

Malipo hayo huitwa mirabaha. Januari 2022, COSOTA iligawa mirabaha ya shilingi milioni 312 hivi kwa wasanii 1,123, kutokana na nyimbo zao kupigwa katika vituo vya utangazaji. Ukizigawa fedha hizo sawasawa utapata wastani wa shilingi 278,000 hivi kwa kila mmoja. Si fedha za kujengea nyumba. Lakini mzee anayezipokea huzipokea kama mpagazi alivyopokea ujira wake, bila kumpigia mtu magoti. Katika miaka ya 2020 sheria imeweka pia tozo ya hakimiliki juu ya vifaa vya kunakilia na kuhifadhia kazi za sanaa. Hiyo ndiyo hongo ya zamani katika maana yake njema.

BAHASHA YA RAMBIRAMBI

Sasa tuangalie upande wa pili. Tumezoea kuona habari za msanii mkongwe aliyelazwa hospitalini bila uwezo wa kulipia matibabu. Marafiki zake huunda kamati. Wapenzi wa muziki huchanga. Baadaye Serikali huombwa kusaidia, na aghalabu husaidia: hulipa gharama za hospitali, au hutoa jeneza, usafiri na bahasha ya rambirambi. Kiongozi hupigwa picha akiikabidhi, na sote tunasema kwamba Serikali yetu ina huruma.

Huruma ni jambo jema, na hapana haja ya kumlaumu kiongozi aliyemkimbilia mgonjwa. Lakini yafaa tujiulize fedha zile zilitoka wapi. Zilitoka katika kodi: ya mkulima wa tumbaku wa Urambo, ya mama lishe wa stesheni ya reli, ya karani na ya dereva. Yule aliyenakili wimbo akidhani ameupata bure hakuupata bure. Gharama iliahirishwa tu, ikahamishiwa katika mfuko wa umma, na ikalipwa kwa kuchelewa mno, wakati mwenye haki ameshakuwa mgonjwa au maiti.

Tena iko dhuluma nyingine isiyoonekana upesi. Fikiria mzee wa Sikonge aliyerina asali maisha yake yote, ambaye hakuimba hata siku moja. Akiugua, hakuna mwandishi wa habari atakayefika kwake, wala hakuna picha itakayopigwa. Uhitaji wake ni sawa na wa mwimbaji, lakini hana jina. Kama msaada wa Serikali utafuata umaarufu, basi hautakuwa tena msaada wa wanyonge.

Kwa hiyo mambo haya mawili yasichanganywe. Mwimbaji anadai ujira, nao alipwe kwa kadiri ya kazi yake. Mzee anahitaji hifadhi, nayo apewe kwa kadiri ya uzee na uhitaji wake, awe mwimbaji au mrina asali. Zanzibar ilitoa mfano ilipoanzisha Pensheni Jamii mwaka 2016. Kila mkazi aliyetimiza miaka 70 na masharti ya ukaazi alianza kupewa shilingi 20,000 kwa mwezi, na kiasi hicho kiliongezwa baadaye. Hakuulizwa kama alipata kuwa maarufu. Huku Bara tunao mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, na humo pia kinachopimwa ni umaskini wa kaya. Hiyo ndiyo njia ya kutumia fedha za umma kwa huruma iliyo na utaratibu.

Hata katika hisani iko iliyo bora kuliko nyingine. Mwaka 1993 shirika la HelpAge International, linaloshughulikia wazee, lilisaidia kuundwa kwa bendi ya Shikamoo Jazz iliyowakusanya wanamuziki wakongwe, Salum Zahoro wa Kiko Kids akiwa miongoni mwao. Msaada mkubwa ulikuwa vyombo vya muziki. Wazee wale walirudi jukwaani, na mwaka 1995 walikwenda kupiga muziki Uingereza. Walisaidiwa ili wafanye kazi yao, na watu wakalipa kuwasikiliza. Ni vigumu kuilaumu hisani ya namna hiyo.

UKWELI WA UPANDE WA PILI

Haitakuwa haki kuwalaumu wanaonakili bila kuwasikiliza. Kijana wa Isevya anayetaka wimbo wa Nyanyembe Jazz atakwambia kwamba hajui duka la kuununua. Maneno yake yana uzito. Tena nyimbo nyingi za zamani zimetufikia kwa sababu kuna watu waliotunza kanda zao katika masanduku na kuwanakilia wengine, wakati kanda kuu zilikuwa zimefungiwa katika maktaba ya redio. Wengi wa watu hao hawakuuza kitu. Walipenda tu muziki wa kwao. Kuwaita wezi kwa pumzi moja na mfanyabiashara anayenakili ili ajaze mfuko wake ni kukosa kipimo.

Kwa sababu hiyo mzigo wa kwanza hauwezi kutwishwa kijana wa kibandani. Unawahusu wale wanaopata faida: vituo vya redio na televisheni, kumbi za starehe, mabasi, na wenye vibanda. Na katika hao wote, wa kwanza kuonyesha mfano hana budi kuwa chombo cha umma. Redio ya taifa ndiyo iliyorekodi nyimbo hizo, na warithi wake, TBC, ndio wenye hazina hiyo leo. Mwenye ghala ndiye apaswaye kujua kila gunia limetoka shamba la nani. Maktaba ile ikiwa na orodha kamili ya watunzi na warithi wao, na nyimbo zikapatikana kwa njia halali na bei ya mtu wa kawaida, hoja ya kijana wa Isevya itakwisha. Pasipo hayo tutakuwa tunamwamuru anunue katika duka ambalo hatujalijenga.

WAJIBU WETU NYUMBANI

Sisi wenye familia nasi tunayo sehemu yetu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kuchukia unyonyaji, yaani mtu kuishi kwa jasho la mwenziwe. Tulizoea kumtafuta mnyonyaji katika mashamba makubwa na majumba ya kupangisha. Hatukuzoea kumtafuta katika sherehe zetu wenyewe.

Chukua mfano wa harusi. Kamati hukaa wiki nyingi ikipanga bajeti. Fedha hutengwa kwa ajili ya ukumbi, chakula, mapambo, mshereheshaji na mitambo ya muziki. Nyimbo hazimo katika bajeti, ingawa bila nyimbo hakuna harusi. Wazee wetu hawakufanya hivyo. Mwimbaji alipowafurahisha alitunzwa pale pale, mbele ya watu, ndiyo maana tukapata methali isemayo mcheza kwao hutunzwa. Kuuliza kama ukumbi umelipia kibali cha kupiga muziki hakugharimu kitu. Kumwambia mtoto anayerushiwa nyimbo katika simu kwamba wimbo una mtunzi, na kumtajia jina la mtunzi huyo, hakugharimu kitu pia. Na msanii aliye hai anapouza kazi yake mwenyewe, au bendi inapopiga mjini, kulipa kiingilio ni kumlipa mtu ujira wake mkononi.

Wenye wazee wanamuziki katika ukoo wanalo jambo jingine la kufanya upesi: waandike. Nani alitunga wimbo gani, nani aliuimba, bendi ipi, mwaka gani, na warithi ni akina nani. Kisha kazi hizo ziandikishwe COSOTA mzee angali hai kuthibitisha. Mirabaha haiwezi kumfuata mtu asiyejulikana, na wapo watoto wanaosikia sauti ya baba yao redioni bila kuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha.

Dawa ya deni ni kulipa. Bendi za Tabora zilitupa nyimbo tulizoolea, tulizolelea watoto na tulizofarijiana nazo, na baadhi ya waliozipiga wangali hai katika mitaa yetu. Tusingoje mpaka tukutane katika kamati ya mazishi. Jina la mzee unayemfahamu, na nyimbo zake, yaandike leo.