Tangawizi ya Mamba na vifuko vinavyoponya utumbo wa panya

Ukifika Mamba Miamba, milimani Upare, tangawizi utaikuta shambani, kwenye magunia na kwenye chai. Kuna maabara Marekani imeitafutia kazi nyingine: kukarabati utumbo ulioharibika.

Eksosomu ni nini?

Ni vifuko vidogo mno ambavyo seli huvitoa na kuvituma kwa seli nyingine, kama mtu anavyotuma kifurushi kwa basi. Ndani kuna protini, mafuta na vipande vya RNA, yaani maelekezo ya kazi. Mimea nayo ina vifuko vinavyofanana na hivyo.

Walifanya nini?

Mwaka 2016, timu ya Didier Merlin wa Chuo Kikuu cha Georgia State ilisaga tangawizi mbichi, ikazungusha juisi yake kwa mashine yenye kasi kubwa na kupata vifuko vya takriban nanomita 230. Ukivipanga 4,000 kwa mstari, havijazi milimita 1.

Panya wenye ugonjwa wa utumbo mpana walinyweshwa. Uvimbe ulipungua na ukuta wa utumbo ukajirekebisha haraka zaidi.

Na kuviunda upya?

Mwaka huohuo timu hiyo ilichukua mafuta ya vifuko hivyo, ikaunda vifuko vipya na kupakia ndani dawa ya saratani, doksorubisini. Nje ikabandika foliki asidi, ambayo seli nyingi za saratani huipokea kwa wingi. Hiyo ndiyo anwani ya kifurushi: dawa iende kwenye uvimbe, isisambae ovyo mwilini. Huo pia ulikuwa utafiti wa panya.

Kwa hiyo chai inatosha?

Hapana. Kikombe cha chai si dozi ya maabara, na panya si binadamu. Mwenye vidonda vya tumbo asiache dawa za hospitali kwa sababu ya tangawizi.

Jihadhari na sindano

Mtandaoni kuna wanaouza "eksosomu" za kutibu magoti, ngozi na nywele. Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari baada ya wagonjwa jimboni Nebraska kupata madhara makubwa. Ilisema wazi kuwa haijaidhinisha bidhaa yoyote ya eksosomu.

Hapa kwetu anayesajili dawa ni TMDA. Ukiletewa sindano ya aina hiyo, ulizia kwanza usajili wake. Ukijibiwa kwa kuzungushwa, ondoka na hela yako.