Moshi Jikoni Ni Kuni Zinazopotea

Akina mama wenzetu, hasa sisi wa Handeni na Korogwe, nani asiyejua adha ya kuinama kupuliza moto, macho yakitoka machozi na mtoto mgongoni akikohoa? Mzigo wa kuni tulioufuata mbali unateketea, na maharage bado magumu. Husema, "Kuni hizi mbaya!" Lakini mara nyingi moto umekosa hewa tu. Moshi ule ni kuni ambazo hazikuungua vizuri.

Tulipoacha mafiga matatu tukajenga jiko la udongo, tulifurahi sana. Wiki ya kwanza likafuka kuliko mafiga! Nusura tulibomoe. Tulipolichunguza, makosa yote yalikuwa yetu wenyewe.

Hewa ipite chini
Tulilundika kuni juu ya majivu ya juzi na kuujaza mdomo wa jiko hadi ukaziba. Sasa huzoa majivu kila asubuhi. Tena tumelaza vipande vya nondo mdomoni, vidole vitatu juu ya sakafu ya jiko. Kuni hulala juu yake, na hewa hupita chini na kuyachochea makaa. Asiye na nondo aweke mawe mawili na kigae kipana.

Lakini mdomo usiwe mpana mno. Hewa baridi ikiingia kwa wingi, huipooza sufuria.

Moshi upate njia
Sufuria yetu ilifunika tundu lote, moshi ukarudi usoni. Tukabandika vidonge vitatu vya udongo ukingoni, sufuria ikainuka kiasi cha unene wa kidole. Pengo likizidi hapo, joto hukimbia. Ikiwa jiko lako lina dohani, fanya kinyume: sufuria ikae imara bila upenyo, na masizi ya dohani yaondolewe mara kwa mara.

Kuni ziwe kavu
Kuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji yaliyomo ndani yake. Zipasue nyembamba, uzianike, kisha uzihifadhi penye paa. Sukuma ncha kidogo kidogo kadiri zinavyoungua. Maharage yaloweke usiku, na sufuria uifunike.

Tusidharau moshi
Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Mwezi Mei 2024 Serikali yetu ilizindua mkakati wa kutaka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mwenye uwezo wa kupata gesi asisite.

Kwa sisi ambao bado tunapikia kuni, jiko zuri hupunguza moshi, haliumalizi. Kwa hiyo tufungue dirisha na mlango, na mtoto mchanga tusimbebe mgongoni tunapochochea moto. Dada yake amshike uani.

Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha moto, zoa majivu, inua kuni, tazama njia ya moshi. Ni kazi ya nusu saa. Na baba wa nyumba aombwe kupasua kuni, kwani chakula ni cha wote, na kifua cha mama na mtoto ni hazina yake pia.