Maji ya Kichwani, Chanzo Mgongoni

Mtu akiumwa kichwa siku nyingi, akitapika asubuhi, macho yake yakaanza kuingia ukungu, sisi sote hufikiri juu ya kichwa. Nani angekumbuka kuutazama mgongo? Na kumbe, mara chache, ugonjwa wa kichwani huwa na shina lake chini kiunoni.

Ubongo wetu umezungukwa na maji maangavu kama ya chemchemi. Kwa mtu mzima yapata mililita 150, lakini kila siku hutengenezwa mililita 500 hivi. Hutoka katika vyumba vya ndani ya ubongo, huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hunyonywa na damu. Njia ikizibika, maji mapya hayakomi kutoka: vyumba hujaa, na ubongo hubanwa. Kichwa cha mtoto mchanga hukua kupita kiasi, kwa kuwa mifupa yake haijaungana. Cha mtu mzima hakina nafasi ya kupanuka.

Uvimbe wa uti wa mgongo waweza kuleta shida hiyo. Ulio juu shingoni huweza kufunga mlango wa maji. Ulio chini huyatia maji protini nyingi, vitu vya namna ya ute wa yai. Mwaka 1903 mganga Mfaransa Georges Froin alieleza maji ya mgongoni yaliyokuwa ya manjano na yaliyoganda. Waganga wengi hudhani kwamba maji kama hayo huziba vitundu vinavyoyarudisha katika damu.

Je, yako matibabu? Yako. Mwaka 1887, mjini London, Victor Horsley alitoa uvimbe uliobana uti wa mgongo, na mgonjwa aliyepooza miguu akatembea tena. Siku hizi mashine ya sumaku huuonyesha uvimbe kabla ya kisu. Ukitolewa, kwa wagonjwa wengine maji ya kichwani hupungua yenyewe. Wengine huhitaji mrija wa kuyapeleka tumboni.

Tusiogope kila maumivu ya kichwa. Lakini yakifuatana na mgongo unaouma usiku, miguu inayolegea au mkojo usiozuilika, tumweleze mganga yote pamoja, hata kama hakuuliza. Wala tusipoteze miezi tukimtafuta mchawi: macho yaliyopofuka kwa kubanwa huko, mara nyingi hayaoni tena.