Ndege ya zamani yarudi kazini

Wengi wetu tukisikia ndege ya upelelezi tunashika watoto na kukimbia. Tueleze habari ya moja. Ndege za WB-57F za Marekani zilipanda zaidi ya mita 18 000 kukusanya hewa yenye sumu ya majaribio ya mabomu ya nyuklia. Moja iliwekwa jangwani Arizona mwaka 1972, ikakaa karibu miaka 40! Shirika la anga NASA liliitoa 2011, likaikarabati, ikaruka tena Agosti 2013, sasa kwa kazi za sayansi. Ndege ile ile, mwenye kuituma mwingine. Desemba 2013, hapa Goma, Umoja wa Mataifa ulianza kurusha ndege zisizo na rubani wala silaha. Kwa hizo pia tulipaswa kuuliza: picha anapelekewa nani?